Fupaja la Koobi Fora

Kabla sijaingia kwenye utafiti wa magonjwa ya watu wa kale nilikuwa tabibu wa zahanati huko pwani, na mazoea ya zahanati hayakutoki upesi. Mgonjwa akiingia tu, unautafutia ugonjwa wake jina. Mazoea hayo ndiyo niliyokwenda nayo siku tuliyofunguliwa chumba cha visukuku pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Mzee aliyekitunza chumba alitandika sponji mezani, akatuamuru tuvue saa na pete. "Binti, viwiko mezani," akaniambia. "Kikikuponyoka, kiangukie hapo hapo." Kisha akaleta trei ya vipande vya mwanamke asiye na jina ila namba, KNM-ER 1808. Kamoya Kimeu, mtafutaji visukuku Mkenya, ndiye aliyemgundua mwaka 1973 huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Ni Homo erectus, jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka; aliishi miaka kama milioni 1.7 iliyopita, na jinsia yake ilijulikana kwa nyonga. Kamoya husifiwa zaidi kwa yule mvulana wa Nariokotome, kisukuku kingine cha Homo erectus, aliyemwona mwaka 1984. Mimi naona mama huyu angestahili sifa zilezile, ijapokuwa amevunjikavunjika.

Nilipewa kipande cha fupaja. Pale kilipokatika zilionekana tabaka mbili: ndani mfupa wa kawaida, umeshikamana vizuri; juu yake gamba nene la mfupa mwingine uliokua ovyo ovyo. Mfupa wa namna hiyo huota pale utando unaouvika mfupa unapopata uvimbe, au damu inapovujia chini yake.

"Haya, tabibu," mwalimu wetu akasema. "Mgonjwa wako huyo."

Majibu yaliyokwisha kutolewa tuliyajua. Mwaka 1982 mtafiti wa visukuku Alan Walker na wenzake waliandika kwamba ni sumu ya vitamini A, kwa kula maini ya wanyama walao nyama. Si wazo la kubuni tu. Watu wa Aktiki wanajua kwamba ini la dubu mweupe haliliwi, kwani limejaa vitamini hiyo. Baadaye mtafiti mwingine akataja majana ya nyuki, ambayo nayo alidai yana vitamini hiyo kwa wingi. Na mwaka 1995 wengine wakasema ni buba, ugonjwa wa bakteria unaoshika ngozi na mifupa.

Buba naijua kwa miguu ya bibi yangu mzaa mama. Ilimpata utotoni, penisilini haijafika kijijini kwao, na miundi yake ikabaki imepinda kwa mbele kama jambia. Alipenda kutusimulia jinsi wadogo zake walivyochomwa sindano moja tu, vidonda vikakauka. Basi nikasema bila kusita: hii ni buba.

"Nionyeshe," mwalimu akasema.

Nikakigeuza kipande huku na huku chini ya taa. Gamba lipo, ndiyo, lakini gamba peke yake halisemi limeletwa na nini. Vinasaba vya bakteria havidumu umri huo katika joto la Turkana, kwa hiyo maabara isingenisaidia. Mwenzetu aliyesomea kemia alishikilia maini; nikamuuliza ni nani angeendelea kula kitu kinachomtapisha na kumpasua kichwa. Akanijibu kwa swali: mtu mwenye njaa je? Tukabishana hadi mzee akaanza kutazama saa ya ukutani.

"Liacheni jina," mwalimu akatukatiza. "Gamba hili lilichukua muda gani kuota?"

Hilo niliweza kulijibu. Mfupa mpya unene ule ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi. Muda wote huo mama yule aliumwa, kutembea kwenyewe kwa taabu, katika nchi ya simba na fisi. Walker aliona kwamba lazima kulikuwa na mtu wa kumletea maji na kumlinda usiku. Wiki nilizikubali. Mlinzi nilimtilia shaka, nami nikasema hivyo: hata nyani aliyelemaa huonekana akiishi na kundi lake miaka mingi, bila yeyote kumchotea maji.

Mwalimu hakupendezwa. Akaniuliza ni wagonjwa wangapi niliowahi kuwaona wamelala wodini muda wote huo bila ndugu wa kuwaletea uji, wakatoka wazima. Nilikuwa na jibu, lakini halikuusaidia upande wangu.

Kwenye karatasi ya maelezo, mahali pa ugonjwa, nikaandika: haujathibitishwa, naelekea buba. Mahali pa muda nikajaza mistari mitano. Mzee akakusanya vipande, akavihesabu, akaleta trei ya pili: taya la chini la mvulana wa Nariokotome, lenye alama ya uvimbe pale jino la utoto lilipotoka. Wapo wanaosema sumu ya jipu hilo iliingia damuni ikamuua. Hapo sikubishana na mtu. Jipu la jino nimeliona likimuua mtoto.