Bagamoyo: nani alibwaga moyo?

Marehemu babu yangu alikuwa mchukuzi wa magunia ya nazi. Akifika uani, hata kabla ya salamu, unasikia puu! Gunia liko chini, kisha inafuata pumzi ndefu. "Nimebwaga, mjukuu wangu." Kila nikishuka Bagamoyo namkumbuka.

Wengi tumekua tukiambiwa jina hili latokana na "bwaga moyo": mateka waliofikishwa pwani ili wavushwe Unguja waliiacha mioyo yao hapa. Maana hiyo inauma, na biashara ile ilikuwepo kweli. Lakini mimi naegemea kwa wapagazi. Njia ya misafara ilianzia Ujiji, ikapita Tabora, ikaishia hapa, mwendo wa miezi. Mnyamwezi aliyebeba pembe ya ndovu begani safari yote hiyo, akiiona bahari, angesema nini kingine? Kubwaga ni neno la mwenye mzigo.

Jumamosi iliyopita nilisimama karibu na soko la samaki. Kijana alitoka majini na tenga kichwani, maji yanamchuruzika shingoni. Mama mmoja muuzaji akamwonyesha kivuli: "Bwaga hapo, mwanangu."