Gurudumu la nyuma nililolisuka mara tatu

Ukiazima baiskeli yangu, naomba radhi mapema kwa ajili ya vidole vyako. Ukitaka kujaza upepo gurudumu la mbele utaona valvu imejificha kati ya spoku mbili zilizoinamiana juu yake kama miti ya paa, na mkono wa mtu mzima haupiti vizuri pale. Watoto wa jirani wanaweza. Mimi huchubuka kila mara. Na sina wa kumlaumu, kwa sababu gurudumu hilo nililisuka mwenyewe, sebuleni kwangu hapa Busia, usiku ambao umeme ulikuwa umepotea, kwa taa ya simu.

Baiskeli yenyewe ni ya marehemu baba. Ni ile nyeusi ya Kihindi ya inchi 28, yenye breki za vyuma na keria pana. Alibeba watu nayo kuwavusha mpaka, enzi ambazo pikipiki ilikuwa ya padri na ya daktari tu. Watu wengi wanalitumia neno bodaboda bila kujua kwamba lilizaliwa mpakani huku, kwenye kile kipande cha kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya: msafiri ana mzigo, jua linachoma, na mwenye baiskeli anamwita, "Boda, boda!" Baba alikuwa mmoja wa hao waliokuwa wakiita. Alipofariki baiskeli ilibaki imeegemea ukuta wa jiko miaka mingi, na rimu zikaliwa na kutu hadi ukizibonyeza kwa kidole gumba zinatoa unga mwekundu.

Habu lakini, vile vyuma vya katikati ya magurudumu vinavyoshika spoku, zilikuwa nzima. Nilizifungua, nikaziosha kwa mafuta ya taa, nikaweka gololi mpya na grisi, kisha nikazungusha ekseli kwa vidole viwili. Ilizunguka kimya. Nikasema hizi hazitupwi, nitazisukia rimu mpya.

Dukani nilinunua rimu mbili na spoku 72: 32 za mbele na 40 za nyuma. Ndivyo baiskeli za aina hii zilivyo tangu Waingereza walipozizoesha, kwa kuwa nyuma ndiko kunakokaa mzigo na ndiko mnyororo unakovuta. Mwenye duka aliniuliza, "Nani anakusukia?" Nikamwambia mimi mwenyewe. Alinitazama kidogo, akaokota spoku nne zaidi akazitia kwenye mfuko, na hakunidai hela yake.

La mbele lilinichukua usiku mmoja. Nilikuwa na gurudumu la baiskeli ya jirani mbele yangu, nikaliiga spoku kwa spoku. Niliiga kila kitu isipokuwa mahali pa kuanzia. Tundu la valvu ndilo dira ya kazi nzima: spoku ya kwanza ikikaa kwenye tundu lililo jirani na valvu, na habu ikizungushwa upande unaotakiwa, valvu inabaki kwenye uwazi, spoku zimeachana kushoto na kulia. Mimi nilizungusha habu kinyume. Gurudumu likatoka imara, halipindi, lina mlio mzuri ukipiga spoku kwa kucha. Nilifunga tairi, nikachukua pampu, nikapiga magoti. Ndipo nikaona. Nilikaa nikiitazama ile valvu labda dakika tano, halafu nikaenda kulala.

Kulifungua sikulifungua. Kosa hilo haliliui gurudumu. Kwa kubeba mzigo liko sawasawa na lile lililosukwa vizuri, na anayeteseka ni mwenye pampu peke yake.

La nyuma ndilo lililonipeleka kwa Mzee, fundi wa baiskeli.

Kwanza nieleze kinachofanyika, kwa wale ambao wameona spoku maisha yao yote bila kuziangalia. Habu ina sahani mbili, moja kila upande. Kwa gurudumu la spoku 40, kila sahani ina matundu 20. Spoku kumi za kila sahani huinama kufuata mwendo, na kumi nyingine huinama kinyume, kwa hiyo zinapita juu na chini ya wenzake kama ukili wa mkeka. Zingeenda moja kwa moja kutoka katikati kama miale ya jua, ukikanyaga pedeli kwa nguvu habu ingetaka kujizungusha peke yake ndani ya rimu, na spoku zingelegea au kukatika shingoni. Zikiinamishwa pembeni, zinashika mzunguko ule na kuufikisha kwenye rimu. Mtu aliyepata hataza ya mpango huo ni James Starley wa Coventry, Uingereza, mwaka 1874, na mpaka leo hakuna aliyeuzidi sana.

Kosa langu la kwanza la nyuma lilikuwa uvivu wa kuhesabu. La mbele nilikuwa nimelisuka kila spoku ikivuka wenzake watatu, nikafanya vivyo hivyo nyuma. Gurudumu la spoku 40 kama hili huvuka wanne. Tofauti ya kuvuka mmoja unaweza kuidharau, lakini inabadilisha urefu unaohitajika kwa kama milimita 6 kwenye rimu hii, na spoku nilizouziwa zilikuwa za kuvuka wanne. Kwa hiyo zilizidi. Nilikaza nati zile ndogo za kushikia spoku kwenye rimu, nikakaza, nikakaza, hadi hesi zikaisha, na spoku bado zinacheza kama nyuzi za zeze bovu. Upande wa ndani wa rimu ncha zilikuwa zimetokeza, ukipitisha kidole unachomwa. Nilikuwa na wazo la kuzikata kwa tupa nikafunge tyubu hivyohivyo. Namshukuru Mungu sikuwa na tupa.

Nilifumua zote 40. Asubuhi yake nikasuka tena kwa kuvuka wanne, na safari hii upande mmoja ulikaa vizuri kabisa. Upande wa pili, nusu ya spoku hazikufika kwenye matundu yake, na nusu nyingine zilifika zikiwa zimelegea na kuning'inia. Rimu ileile, habu ileile, spoku zilizotoka mfuko mmoja. Nilizipima moja moja dhidi ya mwenzake: sawa zote. Nne nilizipinda kwa hasira nikijaribu kuzivuta kwa koleo. Hapo ndipo zile nne za bure zilipoingia kazini.

Mzee anakaa chini ya mwembe karibu na paki ya taksi. Ana beseni la maji la kutafutia pancha, spana ya kukazia, na kopo la maziwa ya unga lililojaa nati kuukuu. Nilimfikishia gurudumu langu nikiwa nimelifunika kwa gunia, kwa aibu tu. 

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa yule wa boda?"

"Ndiye mimi."

"Funua tuone ulichoua."

Hakulisogeza hata kidogo. Alichukua spoku moja iliyonyooka kwenye kopo, akaipitisha kwenye tundu la sahani ya kulia, akaisukuma ikiwa sambamba na ekseli mpaka ikagusa sahani ya kushoto. Akaniambia nichungulie. Ncha ya spoku haikuwa imeingia kwenye tundu. Ilikuwa imegota kwenye chuma, katikati ya matundu mawili.

Yaani matundu ya sahani mbili hayatazamani. Upande mmoja umesogezwa nusu hatua. Nimeishi na baiskeli tangu nazaliwa, nimeziosha habu zile kwa mikono yangu, na jambo hilo sikuwahi kuliona. Spoku ya kwanza ya upande wa pili haina "tundu linalotazamana" nayo: lazima uchague la nusu hatua kulia au la nusu hatua kushoto, na moja tu ndilo sahihi, kutegemea tundu la rimu unalokwenda. Mimi nilichagua la pili. Kutoka hapo nilisuka kwa uaminifu mkubwa spoku nyingine 19, kila moja ikirithi kosa la ile ya kwanza.

"Sasa unaona," Mzee alisema, "hizi zimefupika, na hizi zimerefuka. Spoku hazina kosa." Akanionyesha pia kwamba matundu ya rimu nayo hayako kwenye mstari mmoja. Moja limeelekea kushoto kidogo, linalofuata kulia kidogo, na spoku ya sahani ya kulia ni ya tundu la kulia. Hilo nilikuwa nimelipata, kwa bahati.

Nilidhani atanisukia. Akarudi kwenye pancha zake, akaniachia kiti cha mbao.

Mara ya tatu nilisuka chini ya mwembe ule, wapita njia wakinishauri bure. Spoku kumi za kwanza za kulia, vichwa vikiwa nje. Kisha nikapitisha ile spoku ya kupimia, nikahakikisha, nikaanza kushoto. Kisha nikazungusha habu, valvu ikabaki kwenye uwazi, nikatazama mara mbili. Kisha zile zinazovuka: juu ya watatu, na chini ya wa nne, ikabidi kuipinda spoku kidogo kwa mkono ili ipite. Kupita huko chini ya wa mwisho wengi wanakuacha kwa kuwa kunasumbua, na gurudumu linasimama bila huko. Lakini spoku zinazogusana pale zinashikana, na ile inayolegea barabara ikiwa mbaya inashikiliwa na mwenzake.

Kukaza kulichukua muda mrefu kuliko kusuka. Nusu mzunguko kila nati, zote, halafu tena. Baiskeli ikiwa imepinduliwa akili inachanganyikiwa upande wa kukazia, mimi mpaka leo najiuliza kabla ya kushika spana. Na kwa breki hizi za vyuma, ambazo raba yake inavutwa juu kugusa rimu kwa ndani, kuyumba pembeni si tatizo kubwa kama gurudumu kuwa na umbo la yai. Likipanda na kushuka, breki inashika inaachia, inashika inaachia. Tulifunga kijiti cha kiberiti kwenye fremu kwa uzi wa mpira, tukazungusha, tukasikiliza kinapokwaruza.

Mwisho Mzee alizishika spoku mbili mbili kwa viganja akazibana kwa nguvu, kuzunguka gurudumu lote. Zililia, ti, ti, ti. Alisema zisipolia hapa zitalia njiani. Nati ukiikaza, spoku nayo hujisokota kidogo pamoja nayo, ikingoja nafasi ya kujisokotoa. Tulikaza tena robo robo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nayo Majanji kufuata samaki, na kurudi keria ikiwa na kapu. Spoku mbili tu zililia, nikizihesabu, karibu na pale lami inapoisha.

Mzee alipita nyumbani Jumapili kuliona likiwa limevaa tairi. Alizungusha la nyuma, akanyamaza, ambayo kwake ni sifa. Halafu akalibonyeza la mbele kwa gumba, akasema lina upepo mdogo, akaomba pampu. Alipiga magoti, akapeleka mkono kwenye valvu, akausimamisha.

"Hili ulilisuka usiku," alisema.

"Usiku, Mzee."

Akaita mtoto wa jirani aje kujaza.