Uso wa mama mdogo

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiieleza habari ya uso wa mama mdogo kwa kila jamaa anayepiga simu, na leo nimeona afadhali niiandike. Aliamka akiwa na upande wa kulia umelegea, jicho halifumbiki na mdomo umevutwa kushoto. Wazee walisema amepigwa na upepo, vijana wakasema ni kiharusi, na kabla ya saa tatu jirani alikuwa amekwisha kushauri kombe. Sikubishana na yeyote; niliomba tu hospitali itangulie na mengine yafuate, kwa kuwa kama kingekuwa kiharusi kweli, tusingekuwa na saa ya kupoteza.

Daktari alimwambia apandishe nyusi kama mtu aliyeshangaa. Paji lilikunjika upande wa kushoto, lakini kulia likabaki laini kabisa. Alitueleza kwamba sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, ndiyo maana kiharusi kwa kawaida hupindisha mdomo na kuliacha paji likikunjika. Neva ya uso, yaani mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, ikiumia yenyewe, upande wake wote hulala, kuanzia paji hadi kidevu. Hata hivyo hakutegemea paji peke yake. Alipima nguvu za mikono na miguu, usemi, presha na sukari, kisha akachungulia sikioni kutafuta malengelenge, kwa kuwa virusi vya mkanda wa jeshi navyo huweza kuishambulia neva hiyo, tena kwa ukali zaidi.

Basi hakikuwa kiharusi, bali kupooza kwa neva ya uso, kunakoitwa kwa Kiingereza Bell's palsy. Ugonjwa huo umepewa jina la Charles Bell, mpasuaji wa Uskoti aliyeieleza neva hiyo mwaka 1821. Neva hupita katika mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio, na ikivimba hujibana humo humo. Chanzo cha uvimbe hakijathibitishwa, ingawa virusi hushukiwa sana. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku iliyotangulia alilalamikia maumivu nyuma ya sikio, na kwa nini baadaye mlio wa sufuria ulimkera na chakula kikakosa ladha: neva hiyo hiyo hutuliza sauti kali sikioni na hubeba ladha kutoka sehemu ya mbele ya ulimi.

Alianzishiwa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, siku ile ile, nayo inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Katika utafiti uliofanyika Uskoti na kuchapishwa mwaka 2007, baada ya miezi tisa walipona kabisa wagonjwa 94 kati ya kila 100 waliopewa dawa hiyo, dhidi ya 82 kati ya wasiopewa. Wengi, basi, hupona hata bila dawa, na nadhani hapo ndipo kila mganga anapopatia sifa. Kwa mama mdogo palikuwa na ugumu wa ziada: ana kisukari, ambacho huongeza uwezekano wa kupatwa na ugonjwa huu, na dawa yenyewe hupandisha sukari, hivyo tulilazimika kumpima kila siku.

Wageni wote waliulizia mdomo, ilhali jicho ndilo lililostahili wasiwasi. Jicho lisilofumba hukauka, vumbi huingia, na konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ikichubuka huweza kubaki na kovu. Mchana tulimtilia matone, usiku tukampaka marhamu na kulifunga kope kwa plasta laini, kazi ndogo inayochosha kuliko vidonge vyote.

Sasa uso umerudi karibu wote, ila akicheka jicho la kulia hujifumba kidogo, kwa sababu nyuzi za neva zinapoota upya baadhi hupotea njia. Mtaalamu wa viungo amempa mazoezi ya polepole mbele ya kioo, akamkataza kuusukasuka uso kwa nguvu. Anayafanya kila asubuhi, huku akinung'unika kwamba kioo hicho kinamzeesha.