Wa Mwisho Kwenye Msafara

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Juma hili naanza na ujinga wangu mwenyewe, Neno litafuata.

Ilikuwa saa tano usiku, siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa nimetoka kuongea na nyumbani, na walio ugenini kikazi wanakijua kile kimya kinachokuja simu ikishakatika. Chumba kinakuwa kidogo ghafla. Nikawa napekua simu bila kutafuta kitu, nikakutana na picha ya watu wamepanga mstari juu ya mgongo wa mlima, mawingu yako chini ya miguu yao. Mbio za milimani, kilomita 42. Chini ya picha kuna kitufe cha kujisajili.

Nikabonyeza. Jina, tarehe ya kuzaliwa, saizi ya fulana. Kisha wakauliza jina la mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura, awe ndani ya nchi. Hapo nikakwama. Miaka miwili nafanya kazi katika nchi ile, na sikuwa na jina la kuandika. Mwishowe nikaandika la msimamizi wetu wa zamu, ambaye sidhani kama aliwahi kulitamka langu likatoka sawasawa. Nikalipa. Saa tano na robo nilikuwa mwanariadha.

Asubuhi nilimpigia mama nimweleze, nikitegemea atashangilia. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Kwani mwanangu, nani anakukimbiza?"

Nilicheka, tukaendelea na habari nyingine. Lakini swali lile lilikaa nami miezi minne.

Mithali 20:25 inasema ni mtego kwa mtu kunena kwa haraka kwamba kitu fulani ni wakfu, halafu baada ya nadhiri ndipo aanze kupeleleza. Nami nilianza kupeleleza baada ya kulipa. Ndipo nikaona kwamba zile kilomita 42 zilikuwa na mita 2,600 za kupanda. Wenyewe wa michezo hii wana hesabu yao: kila mita 100 za kupanda wanaihesabu sawa na kilomita moja ya ziada. Kwa hiyo 42 yangu ilikuwa kama 68. Kuna na kanuni ya zamani zaidi, ya mpanda milima wa Scotland aliyeitwa William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano hivi, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Nilichukua kalamu. Kwa mwendo huo wa kutembea ningetumia saa 12 na dakika 44. Kikomo cha waandaaji kilikuwa saa 10.

Yesu alisema katika Luka 14:28 kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Mimi niliketi nikahesabu, ila nilikuwa nimeshaweka msingi, na jirani wote wameona.

Niseme jambo moja hapa kwa sababu najua wapo wanaosoma wakiwa ndani ya mtego kama huu, na wala si wa mbio. Sikuwa nimemwekea Mungu nadhiri. Nilibonyeza kitufe, basi. Kujitoa kusingekuwa dhambi, na pengine ingekuwa busara. Kuna tabia kati yetu waamini ya kuanzisha jambo kwa haraka, kisha tukamfanya Mungu mdhamini wake, tukasema "nimeshatamka, siwezi kurudi nyuma". Yeftha alisema hivyohivyo katika Waamuzi 11, na aliyelipa gharama si yeye, ni binti yake. Kwa hiyo kama wewe ulisema ndiyo kwa jambo ambalo litamlipisha mtu mwingine, tafadhali usinitumie mimi kama mfano wa kuvumilia. Mimi niliendelea kwa kiburi. Nilikuwa nimeshawaambia watu kazini.

Mazoezi niliyafanyia kwenye ngazi. Tunakoishi ni tambarare, mlima hauonekani hata siku ya jua kali, ila jengo letu lina ghorofa 11. Kutoka chini hadi juu ni kama mita 33. Ili nifikishe mita 2,600 ningepanda ngazi zile mara 79 kwa siku moja. Siku niliyojitahidi kuliko zote nilipanda mara 20, nikitoka zamu ya usiku, na mlinzi akaniuliza kama lifti imeharibika.

Ni kwenye ngazi zile, sijui mara ya ngapi, ndipo nilipokumbuka Isaya 52:12. Nabii anawaambia waliokuwa uhamishoni Babeli kwamba hawatatoka kwa haraka, wala hawatakwenda kwa kukimbia, kwa sababu Bwana atawatangulia, na Mungu wa Israeli atawafuata nyuma ili awalinde. Nikasimama. Ni kama vile mama ameshasoma hapo kabla yangu. Kule Misri baba zao walikula Pasaka kwa haraka, viuno vimefungwa, viatu miguuni, kwa sababu kweli kulikuwa na mtu wa kuwakimbiza. Safari hii Mungu anawaambia watatoka polepole. Haya ni maneno kwa watu walio ugenini, angalieni hilo, watu waliozoea kulala na nguo za kusafiria.

Basi nani alikuwa ananikimbiza mimi? Nilikaa kwenye ngazi ya ghorofa ya saba nikajibu kwa sauti, maana hapakuwa na mtu. Nilikuwa nakikimbia kile kimya cha simu ikikatika. Nilitaka niwe mahali ambapo mtu atasema jina langu kwa nguvu mbele ya watu wengine. Hata kama ni kwa kipaza sauti.

Siku yenyewe ikafika. Tulianza kabla ya jua kuchomoza, kwenye mita 800, na kilele kilikuwa mita 2,400. Walitukagua mizigo mmoja mmoja: koti la mvua, taa ya kichwani, lile blanketi jembamba la fedha la kuzuia baridi, simu yenye chaji, filimbi. Niliona ni usumbufu hadi nilipofika juu. Hewa hupoa karibu nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kule juu kulikuwa na baridi zaidi ya chini kwa nyuzi kama kumi, na upepo juu yake. Vidole vyangu havikuweza kufunga zipu. Na mwenzangu mmoja kwenye foleni ya ukaguzi alikuwa amenifundisha filimbi: ukipotea, puliza mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha puliza tena. Ndiyo ishara ya kuomba msaada milimani.

Kupanda kulinichosha, lakini kushuka ndiko kulikonivunja. Hakuna aliyeniambia. Ukipanda unachoka pumzi, ukitulia inarudi. Ukishuka, misuli ya mapaja inajikaza kukuzuia huku ikivutwa, kila hatua, maelfu ya hatua, na hiyo haitulii kwa kupumzika. Ngazi zangu nilikuwa nazipanda kwa miguu, nashuka kwa lifti! Kufikia kilomita ya 19 nilikuwa nateremka kinyumenyume, nimeshika mawe kama mtoto anayeshuka kitandani.

Hapo ndipo nilipowasikia nyuma yangu.

Walikuwa wawili, mwanamke mtu mzima na kijana, wamevaa vikoti vya rangi ya machungwa. Sikuwa nimewaona tangu asubuhi kwa sababu kazi yao ni kuwa mwisho. Wao ndio wanaofunga msafara. Hawaruhusiwi kumpita mtu yeyote. Na wanapotembea wanafungua utepe uliofungwa kwenye miti na mawe kuonyesha njia, wanautia kwenye mfuko, ili mlima ubaki kama ulivyokuwa. Kwa hiyo nyuma yangu njia ilikuwa inafutika. Mbele yangu utepe ulikuwa bado unapepea.

Mwanamke yule akaangalia namba kifuani mwangu, akasema kitu kwenye redio ya upepo. Lugha yao naijua nusunusu, lakini tarakimu nazijua zote. Alikuwa anaisema namba yangu. Baadaye nilielewa kwamba katika kila kituo tulichopita kulikuwa na mtu ameinama juu ya karatasi anaandika nani amepita, na asiyepita anatafutwa. Tangu alfajiri kumbe kulikuwa na watu mlima mzima wanaojua kwamba nipo na wananingoja.

Tukatembea watatu, kimya zaidi, na kichwani nikawa nawaza kambi ya Israeli jangwani. Tunasoma Hesabu sura ya 2 na ya 10 tukiwa na usingizi, tunaona majina na tarakimu tu. Lakini kila kabila lilikuwa na nafasi yake katika msafara. Yuda anatangulia, watu 186,400 wa kambi yake, kundi kubwa kuliko yote, na hilo tunalihubiri sana, kwa kuwa jina Yuda maana yake ni sifa: sifa zitangulie. Je, wa mwisho alikuwa nani? Dani. Na kambi ya Dani ilikuwa watu 157,600, ya pili kwa ukubwa. Mungu hakuweka mabaki nyuma. Aliweka jeshi. Maana nyuma ndiko waliko wagonjwa, wazee, mama wajawazito, mtu ambaye kiatu kimekatika. Na Kumbukumbu la Torati 25:17-18 linatueleza kosa la Amaleki lililomkasirisha Mungu hata likaandikwa lisisahaulike: aliwapiga wale wa nyuma, wanyonge, waliokuwa wamechoka. Adui naye anajua pa kupiga.

Ukisikia Isaya anasema Mungu wa Israeli atawafuata nyuma, basi ni nafasi ya Dani hiyo. Mungu mwenyewe ameichukua, anatembea na mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na hampiti.

Nafikiria ushirika wetu pia. Kila Jumapili tunajua nani aliongoza sifa. Nani anajua aliyekosekana?

Kituo cha kilomita ya 24 kilikuwa na kikomo cha saa sita tangu kuanza mbio. Nilifika baada ya saa sita na dakika kumi na moja. Mzee mmoja mwenye karatasi alinisalimia, akanipa chai, akanivika blanketi la fedha mabegani, na nilipomaliza chai ndipo alipochukua mkasi na kukata pembe ya namba yangu, yaani mbio zangu zimeishia hapo. Alifanya kwa upole. Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu, nikaitafuta, sikuipata. Kilele cha pili kilikuwa mbele, wingu jeusi limekaa juu yake, na mzee yule alikuwa ananizuia nisiende kufia huko kwa ajili ya fulana.

Gari lilikuwa linatusubiri barabarani, kilomita nne chini, kwa njia iliyotumika na washiriki wa mbio fupi, bado imefungwa utepe. Kijana alikuwa amebeba mifuko miwili imejaa. Mwanamke akanitazama, akanitazama magoti, akanipa mfuko mtupu.

Nikashuka nikifungua mafundo, taratibu, hadi barabarani.