PDF iliyokataa kufunguka

Wiki iliyopita mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza lugha ya programu ya Python, aliniletea kompyuta yake akilalamika kwamba faili la PDF alilolipakua kwa programu yake halifunguki. Nilimwomba alifungue kwa programu ya kawaida ya kuhariri maandishi, na mstari wa kwanza ukatoboa siri: ulianza na <html>, ilhali PDF halisi huanza na %PDF. Seva ilikuwa imemjibu kwa ukurasa wa kosa la 404 (yaani kilichoombwa hakikupatikana), naye akauhifadhi bila kuukagua.

Mara baada ya requests.get(), amri ya maktaba ya requests inayoleta kitu kutoka mtandaoni, tuliongeza raise_for_status(), ili programu isimame yenyewe seva inapojibu kwa namba za makosa (400 hadi 599), badala ya kuandika takataka kwenye diski. Kisha, kwa kuwa alikuwa akihifadhi r.text (jibu la seva kama maandishi) kwa hali ya "w" (kuandika maandishi), tukaweka r.content (jibu lilelile kama baiti) na "wb" (kuandika baiti), maana PDF, kama picha na sauti, ni baiti, si herufi. Binafsi husisitiza pia timeout=30, kwani requests haina kikomo cha kusubiri usipoiwekea, na seva ikinyamaza utangoja hadi kuku waote meno. Mafaili makubwa, yanayohitaji kupakuliwa vipande vipande kwa stream=True na iter_content(), tuliyaacha kwa siku nyingine.

Kosa la anwani lenyewe lilikuwa dogo: aliandika .pdf mahali palipokuwa na .PDF, na seva nyingi hutofautisha herufi kubwa na ndogo.