Kumbukumbu ya .375: bolti imeshuka kwa kidole kimoja

Saa tano na nusu usiku, gereji ina baridi ya friji, nimeingiza ganda la ishirini kwenye chemba ya bunduki yangu ya CZ 550 na bolti, komeo la kufungia chemba, imeshuka kwa kidole kimoja. Nimelitoa, nikalirudisha, imeshuka tena. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Miezi minne hii kitu, maganda ya risasi ninayojaza upya nyumbani kukatika na kugoma kuingia, imeninyima usingizi, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kurasa nzima juu ya sehemu ya ganda isiyofika upana wa ukucha.

Wanaofuatilia wanajua bunduki yenyewe: CZ ya mkono wa pili, ya risasi nene za .375 H&H, mtutu mzima, kitako kina mkwaruzo alioniachia mwenyewe wa kwanza. Hapa Idaho, Marekani, kila mtu ananiuliza ya nini. Elki dume, kulungu mkubwa wa huku, ni mnyama mkubwa, anampita tandala kwa uzito, lakini risasi nyembamba ya .30-06 inamtosha kabisa. Sina la kujitetea zaidi ya babu. Alikuwa mfuata nyayo kwenye kambi za uwindaji upande wa Rungwa, na ugoro wake aliuweka ndani ya ganda la .375 lililozibwa kwa kipande cha gunzi. Nilikuwa nikipewa nilishike akipiga chafya. Kwa nyati na tembo, nyumbani Tanzania .375 bado ndicho kipimo cha chini. Mjukuu kaikuta inauzwa Boise, unategemea nini?

Haya, tatizo.

Mwezi wa tatu, nikiwa kwenye uwanja wa shabaha, risasi iliyojazwa mara ya nne. Nimefyatua, kishindo cha kawaida, nimevuta bolti. Kikatoka kitako cha ganda peke yake, kimekatika kama kofia ya chupa. Kilichobaki kimeng'ang'ania ndani ya chemba. Rafiki yangu wa Bukavu akachungulia, akasema, "Kaka, hii yako imekuzalia nusu mtoto." Nilicheka, ila mikono ilikuwa inatetemeka. Gesi ile ikipata njia ya kurudi nyuma, inakuja usoni.

Nyumbani nikachukua kibanio cha karatasi, nikakinyoosha, nikapinda ncha yake na kuiburuza ndani ya maganda mengine ya fungu lile, kutoka chini kwenda juu. Kwenye kila ganda ncha ilinasa palepale, juu kidogo ya mkanda, ile pete nene ya kitakoni. Kuna mfereji. Nikapasua moja kwa msumeno wa chuma kuhakikisha: ukuta umelika kwa ndani hadi unafanana na karatasi ya bati. Maganda kumi na sita nikayatupa. Kila moja ni zaidi ya dola 2, msinikumbushe.

Nilivyolielewa ni hivi. Holland & Holland watengeneza bunduki wa Uingereza, walipoitoa hii mwaka 1912, ganda lilitengenezwa refu na lenye kuchongoka, lipokee vijiti vya kodaiti, baruti ya zamani. Bega lake, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, limelala sana, nyuzi 15 tu, haliwezi kulizuia ganda vizuri lisizame. Ndiyo maana kitakoni pakawekwa mkanda, ugote kwenye chemba na ganda lisimame panapotakiwa. Kwa risasi ya dukani inayopigwa mara moja ni akili kubwa. Kwa sisi tunaookota maganda ni mtego, kwa sababu watengenezaji wanapima mkanda kwa makini, halafu huko mbele kwenye bega wanaacha nafasi ya kuchezea. Ganda jipya linapopigwa, bega linakimbilia mbele kujaza nafasi hiyo. Shaba ya kunyooka inatoka wapi? Juu ya mkanda.

Halafu nakuja mimi na dai yangu, kile kifaa cha chuma cha kubana ganda lirudi umbo lake, nimeikaza hadi igote kwenye kishikio kinacholishika ganda chini, kama karatasi ya maelekezo inavyosema, nalirudisha bega lote nyuma. Linapigwa tena, linanyooka tena. Ni sawa na kukunja waya mbele nyuma, mbele nyuma, ukishangaa kwa nini umekatika.

Nilinunua kompareta ya Hornady, kipimo cha kulinganisha bega, ile inayofungwa kwenye venia, rula ya taya ya kupimia unene. Ganda lililopigwa kwenye bunduki yangu na ganda lililotoka kwenye dai yangu vilipishana bega kwa inchi 0.017. Sehemu kumi na saba za elfu ya inchi; sisi tunasema elfu kumi na saba! Ninachohitaji ni moja au mbili. Kama kuna kifaa kimoja cha kununua kabla ya vyote, ni hiki, na ni chini ya dola 60. Miaka mitatu nimejaza risasi bila kukijua, nikinunua mashine za kung'arisha maganda. Maganda yanang'aa, yanakatika.

Kuirekebisha dai nikadhani ni dakika tano. Nyuzi zake za skrubu ni 14 kwa inchi, maana yake mzunguko mzima ni elfu 71, na moja ya nane ya mzunguko ni elfu tisa. Mkono ukiteleza kidogo tu umevuruga. Nilihangaika jioni mbili, nikachoka, nikaagiza seti ya vishikio vya Redding vinavyopishana urefu kwa elfu mbili mbili. Unaiacha dai imekaza, unabadilisha kishikio. Hiyo nayo naipendekeza bila kigugumizi. Nikapata elfu mbili kamili, mara kumi mfululizo. Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: IMEKWISHA.

Haikuwa imekwisha.

Maganda yaleyale, bega limekaa sawa kwa kipimo, bolti ikawa inagoma. Inashuka nusu, halafu inataka kusukumwa kwa kiganja. Hapo ndipo wiki sita zimepotelea. Nilikata shingo fupi zaidi. Nilipunguza bega elfu nne, haikusaidia. Nilisugua chemba hadi mke wangu akauliza kama nafua bunduki. Nililaumu nta ya kulainishia. Na nikiwa kwenye nta: nimejaribu za kunyunyiza na sizitaki tena kwa maganda marefu. Ile ya kopo la Imperial, ukipaka kwa kidole kidogo tu, haijawahi kuniangusha. Ganda likikwama ndani ya dai utajuta siku nzima.

Dawa ilikuwa kalamu ya wino mzito ya mtoto. Nilitoa pini ya kufyatulia kwenye bolti ili chemchemi yake isinidanganye, nikachukua ganda tupu (nyumbani ni matupu tu, bila fataki wala baruti), nikalipaka wino mweusi lote kuanzia mkanda hadi mdomo. Nikalisukuma ndani, nikalitoa, nikalisogeza chini ya taa. Bega jeusi. Shingo nyeusi. Tumbo jeusi. Juu ya mkanda palepale, pete nyembamba ya shaba inayong'aa, imesuguliwa safi.

Nilikaa kwenye ndoo dakika nzima nikiiangalia.

Dai ya kawaida haifiki pale. Mdomo wake unaishia juu ya mkanda, hivyo kila ganda linapopigwa linavimba kidogo kwenye ukanda ule na hakuna kitu kinachoubana urudi. Mwanzo uvimbe haukunisumbua kwa sababu yale ya zamani yalikuwa yanakatika kabla hayajavimba vya kutosha! Nilipotibu ugonjwa wa kwanza ndipo wa pili ukapata muda wa kukua.

Kuna dai ya koleti, bangili ya chuma inayobana, ya Larry Willis kwa maganda yenye mkanda. Unavalisha koleti kwenye ganda, unasukuma ndani ya dai, koleti inabana ukanda ule peke yake. Ilinigharimu zaidi ya dola 100 na nilipoilipia nilihisi nimetapeliwa. Imefika jana. Maganda ishirini leo, yote ishirini bolti imeshuka kwa kidole. Nimeisamehe bei.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kupanda ngazi ya baruti, yaani kuiongeza kidogo kidogo, kwa vichwa vya uzito wa grein 270, kila hatua risasi tatu, na kronografu, kipima kasi ya risasi. Uzito wa baruti siuandiki hapa. Fungua kitabu cha data cha baruti yako, anza chini. Kronografu nimeazimwa Garmin Xero, kidude cha rada cha kuwekwa pembeni ya bunduki, kinachoingia mfukoni. Nimezoea kile cha kufunga kwenye mtutu, ambacho kinahamisha risasi inapopiga hadi huwezi kupima kasi na kundi la matundu kwenye shabaha kwa siku moja. Hiki ni kizuri mno. Lakini ni karibu dola 600, na mwenye hela ya kununua kimoja akikitanguliza hiki kabla ya kompareta nitamgombeza.

Ngazi hiyo sasa imeahirishwa. Nikiwa nafuta meza nimewaza: bega la ganda limepona, langu je? Risasi kumi na tano za .375 mezani na kesho yake siwezi kuvaa koti. Nikiyeyusha na kumimina kwenye kalibu vichwa vyangu mwenyewe, vya risasi kwa maana ya madini, vipigwe polepole, naweza kufanya mazoezi kila Jumamosi bila kuumia na bila kuchosha maganda. Lugha yetu imeita vyote viwili jina moja, kwa nini nisianze na ile ya kuyeyusha? Nimeshaagiza kalibu. Sufuria kuukuu ninayo. Mke wangu ameiona, ameuliza ya nini, nikamwambia ukweli, akaniambia kazi hiyo ifanyike nje, mlango wa gereji wazi, na sufuria hiyo isikanyage jikoni tena maisha yake yote.

Elki ni Oktoba. Ngazi ya baruti, labda Agosti.