Kicheko cha Mjomba

Mjomba wangu alipiga ngoma katika kikundi cha sanaa Dar es Salaam, enzi zile vikundi vya Muungano na TOT wanashindana hadi mji unagawanyika. Burudani ile waliozaliwa baadaye wameikosa. Kiingilio kimoja tu, unapata ngoma za makabila, sarakasi, igizo, kichekesho, halafu taarabu ya mipasho mpaka usiku wa manane, watu wakinyanyuka kwenda kutuza. Sarakasi yenyewe ilikuwa na historia: miaka ya 1960 serikali ilipeleka vijana China wakajifunze, nao waliporudi wakaieneza nchini.

Kichekesho nacho kilikuwa na kazi yake. Katika kikundi cha mjomba kiliwekwa katikati ili wachezaji wabadili mavazi. Mchekeshaji alisikiliza ngoma: akigongewa taratibu, alijua huko nyuma bado, arefushe, akigongewa haraka, afunge.

Humo ndimo alimotokea mchekeshaji ninayemkumbuka leo. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu bado namheshimu. Mjomba alimgongea ngoma miaka mingi. Hakuwa mtu wa kuvaa matambara wala kujipaka masizi. Ufundi wake ulikuwa kujibu. Mlevi wa meza ya nyuma akipayuka, yeye alimgeukia pole pole, akamuuliza anakaa mtaa gani, na hapo ukumbi mzima ulikuwa umeshavunjika mbavu.

Mwaka 2013 tukasikia amepewa kipindi chake cha televisheni, chenye bendi, wageni, maigizo na sarakasi. Mjomba alifurahi kama aliyepewa yeye. "Wameturudisha, mwanangu," aliniambia. Tulipata kadi za kwenda kwenye kurekodi. Alipiga pasi shati lake jeupe tangu asubuhi.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya taa kali. Kabla ya lolote kuanza, kijana mmoja mwenye vitu vya kusikilizia masikioni alitufundisha kupiga makofi. Mkono ukiwa juu, tupige; ukishuka, kimya. Alitutaka pia tusipayuke, maana maiki zinanasa kila kitu. Mjomba aliniinamia. "Sasa atamjibu nani?"

Swali hilo ndilo lililokiua kipindi kile, na mpaka leo sijasikia maelezo mengine yanayonitosha. Mchekeshaji wetu aliingia na suti ya kung'aa, akasimama kwenye alama iliyobandikwa sakafuni, akaanza kusoma karatasi kubwa zilizoshikwa kando ya kamera. Vichekesho vilikuwa vya mama mkwe na vya mlevi aliyepotea njia, vimeandikwa na mtu ambaye nadhani hakuwahi kumsikiliza hata siku moja. Mwongozaji hakuridhika na kamera, vikarudiwa. Vikarudiwa tena. Bendi, yenye wapigaji wazuri ninaowajua, ilipiga kwa pleibeki, vidole vikitembea juu ya nyuzi zisizotoa sauti. Vijana wa sarakasi walijenga mnara wa watu ambao ungesimamisha uwanja mzima, lakini taa moja ikazima, wakaambiwa washuke, wapande upya. Walipanda upya, jasho likiwatiririka. Niliumia kuwatazama.

Kisha, katikati ya mama mkwe kwa mara ya tatu, mzee mmoja wa nyuma akashindwa kuvumilia.

"We baba! Deni la mkaa umelipa?"

Mchekeshaji akaacha karatasi. Uso wake ulibadilika, nikamwona yule wa zamani. Akageuka pole pole.

"Unakaa wapi?"

"Manzese!"

"Mkaa wako upo, mzee wangu, njoo uuchukue. Ninachotafuta mimi ni cha kubandika juu yake."

Ukumbi ulilipuka. Mjomba ana kicheko kinachoanza na kikohozi, kisha mluzi mrefu, na siku ile kilitoka chote, machozi yakimlenga. Wawili wale wakaendelea kujibizana, kuhusu mkaa, kuhusu mke wa mzee, kuhusu mvua za Manzese, bila neno moja la karatasi. Kilikuwa kitu bora kuliko vyote nilivyovisikia jioni ile. Mwongozaji akasimamisha kazi, mzee akahamishwa kiti karibu na mlango, na mama mkwe akaanza upya.

Kipindi kiliporushwa, sebule yetu ilijaa. Mitambo ya analojia ilikuwa imezimwa Dar es Salaam usiku wa mwisho wa mwaka 2012, na majirani wengi walikuwa bado hawajanunua king'amuzi, basi walikuja kwetu na watoto wao. Tulisubiri mkaa. Mkaa haukuja. Sarakasi ilipita chini ya majina ya wadhamini, miguu tu ikionekana. Halafu mama mkwe akamaliza kusema, na chini yake tukasikia kikohozi, kisha mluzi mrefu.

Watoto wakamgeukia mjomba, wakimwambia amesikika kwenye televisheni. Yeye hakufurahi. Walikuwa wamekata kicheko alichompa mzee wa Manzese, wakakishonea mahali ambapo yeye hakucheka. Niliona ni wizi, na bado naona hivyo. Mtu anaweza kukunyima kicheko, hiyo ni haki yake, lakini kumwekea kinywani kicheko asichokitoa ni kumdanganya yeye na kumdanganya anayetazama.

Usiku uleule mjomba alimpigia simu rafiki yake mchekeshaji, sauti ikiwa wazi tukasikia sote. Yule bwana aliamkia, kisha akasema kabla hajaulizwa, "Kaka, hata mimi nimekusikia. Nisamehe, sikukata mimi."

"Najua," mjomba akamjibu. "Nataka kujua jambo moja. Wale vijana wa sarakasi wamelipwa?"

Kimya kidogo. "Wamepewa nauli, kaka."

Mjomba akasimama. Hasira ile sikuwahi kuiona kwake. "Basi kesho twende mimi na wewe," alisema, "tukawadaie."